Kwa mnaoanza kufuatilia nyambizi za vita: chukueni moja, muifuate mpaka mwisho

Vijana wanaoniletea kazi zao kuhusu nyambizi za Ujerumani karibu wote huanza na swali moja: ilizamisha meli ngapi? Nami nilianza hivyo hivyo. Kwa hesabu hiyo U-852 haina cha kusimulia, maana ilifanya safari moja tu ya vita na kuzamisha meli mbili. Lakini nikipewa mwanafunzi mpya leo, naanza naye na hiyo.

Iliundwa Bremen, ya aina ya IXD2, zile kubwa zilizoweza kufika Bahari ya Hindi. Iliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944, kamanda wake akiwa Heinz-Wilhelm Eck. Jioni ya 13 Machi, katikati ya Atlantiki, iliipiga Peleus, meli ya mizigo ya Wagiriki iliyotoka Freetown ikielekea Amerika Kusini. Tarehe 1 Aprili ikaizamisha Dahomian ya Waingereza, karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 2 Mei ndege za kivita za Waingereza, aina ya Wellington, ziliikuta nje ya pwani ya Somalia na kuijeruhi kiasi kwamba haikuweza tena kupiga mbizi. Kesho yake ikapanda ufukweni, kusini mwa Ras Hafun. Watu wake 7 walikufa, 59 wakatekwa.

Kabla ya kuandika lolote, jifunzeni vipimo. Peleus ilikuwa na tani 4,695, lakini tani hizo hazipimi uzito. Zinapima nafasi iliyomo ndani ya meli, kila moja ikiwa mita za ujazo 2.83. Niliwahi kuzigeuza kuwa kilo, mhariri akanirudishia kazi nzima, na alikuwa na haki. Mahali nako, daftari la nyambizi ya Ujerumani haliandiki latitudo na longitudo. Linaandika mraba wa ramani ya siri, herufi mbili na tarakimu nne, na saa zake ni za Ujerumani hata chombo kikiwa upande wetu wa dunia. Sisi tuna mtego wa ziada. Peleus ilizama Jumatatu jioni, lakini mtu wa pwani ukimwandikia "usiku wa Jumatatu" ataelewa usiku uliotangulia mchana wa Jumatatu. Andikeni "usiku wa kuamkia tarehe 14", hakuna atakayepotea.

Na usiku huo ndio wa kukaa nao.

Peleus ilikuwa na mabaharia 35. Ilizama upesi, na walionusurika wakashika vyelezo na vipande vya mbao. Nyambizi ikawasogelea, ikamchukua afisa wa tatu wa meli, ikamhoji, kisha ikamrudisha kwenye chelezo chake. Halafu Eck akaamuru silaha zipandishwe juu. Kwa saa kadhaa gizani vyelezo vile vilipigwa kwa bunduki za rashasha na mabomu ya mkono. Eck alijieleza baadaye kwamba mabaki yakionekana asubuhi, ndege zingejua kuna nyambizi karibu na kuisaka. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa nyambizi nyingine kadhaa za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kupotea. Msomi hana budi kuiandika hofu hiyo kwa ukamilifu. Kuielewa hakumlazimishi kuikubali, na mimi siikubali.

Watatu waliishi. Yule afisa aliyehojiwa alijeruhiwa, akafa kwenye chelezo wiki kadhaa baadaye. Meli ya Ureno, Alexandre Silva, iliwaokoa hao watatu tarehe 20 Aprili, baada ya zaidi ya mwezi mmoja baharini.

Kilichomfunga Eck ni daftari. Chombo kilipopanda ufukweni, daftari la safari halikuangamizwa, na Waingereza wakalikuta humo likionyesha U-852 ilikuwa wapi Peleus ilipozama. (Walikuta pia Fa 330, tiara yenye mapanga kama ya helikopta lakini isiyo na injini, iliyovutwa na nyambizi ikiwa imembeba mtu mmoja wa kuangaza macho mbali. Ukiingia katika somo hili kwa kupenda mitambo, hapo utafurahi, usikae sana.)

Kesi iliendeshwa Hamburg mwezi Oktoba 1945. Someni ushahidi wa injinia mkuu, Hans Lenz. Alimwendea Eck akamwambia hakubaliani na amri ile. Kisha, alipomwona baharia mmoja ameshika rashasha, akamnyang'anya akafyatua mwenyewe, kwa kuwa alimwona baharia yule hastahili kutekeleza amri kama hiyo. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Lenz alihukumiwa kifungo cha maisha. Eck na maafisa wake wawili, mmoja wao daktari wa nyambizi, walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945.

Jingine kwa wanaotafuta habari za nyumbani. Mzee akikusimulia juu ya ndugu aliyezama mwaka 1944 akitoka Mombasa, usikimbilie kuandika "nyambizi ya Ujerumani". Khedive Ismail, iliyobeba askari wengi wa Afrika Mashariki kuelekea Colombo, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944 na I-27, ya Japani.

Mimi hugawa daftari langu pande mbili. Kushoto naandika ya nyambizi, kulia ya watu waliokuwa majini. Kwa Aprili 1944, kushoto kuna Dahomian mwanzoni mwa mwezi, kisha safari ndefu ya kupanda hadi Somalia. Kulia, siku baada ya siku, ni chelezo kimoja tu, mpaka tarehe 20.