Walikuja Kariokor bila silaha

Mwanangu Mumbua,

Salamu nyingi kutoka hapa Makadara. Sisi hatujambo, na nyanya yako anakusalimu sana. Juzi kwenye simu uliniuliza kama kwetu kuna waliowahi kumshinda mkoloni bila kushika silaha, au hayo ni ya Gandhi na maandamano yake ya chumvi kule India tu. Sikutaka kukujibu kwa haraka, ndiyo maana nakuandikia.

Wapo, tena ni watu wetu, Wakamba. Mwaka 1938 serikali ilidai Ukambani kuna ng'ombe wengi mno na udongo unamomonyoka. Haikusema kwamba malisho yalibana kwa sababu ardhi nzuri, hata vilima vya Mua, ilikuwa imekwisha kupewa walowezi Wazungu. Watu wakapangiwa idadi ya mifugo, na iliyozidi ikachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Nawe unajua ng'ombe ni nini kwa Mkamba: ndiyo mahari, ndiyo akiba ya mwaka wa njaa.

Mwezi wa Julai watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakashika njia ya Nairobi, kiongozi wao Muindi Mbingu. Wakapiga kambi katika mtaa wa Kariokor, wakasema hawaondoki mpaka wamwone gavana. Wakakaa wiki baada ya wiki, wakipika na kulea watoto papo hapo, katikati ya mji ambao Mwafrika hakutakiwa kuonekana bila kipande, kile kitambulisho cha kikoloni. Gavana Brooke-Popham alikataa kuwasikiliza mjini, lakini mwezi wa Agosti ilimbidi aende mwenyewe Machakos, kule Ukambani. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu.

Kwa nini ilirudi nyuma? Mimi naamini ni hesabu. Wakamba walikuwa wengi katika KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na katika polisi, na vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Waingereza waliwahitaji vijana wale wale ambao baba na mama zao walikuwa wamelala Kariokor. Barabara inayopita City Market ina jina la Mbingu, na inaniuma kwamba wengi wanaokanyaga pale kila siku hawajui alifanya nini.

Lakini usidhani kwenda mikono mitupu kulikuwa salama. Machi 1922 Harry Thuku, kiongozi wa kisiasa wa Nairobi, alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara. Wafanyakazi waligoma, wakakusanyika kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wazee walipotaka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru akainua gauni lake, akawaambia wanaume walichukue, wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikufa pale. Serikali ilitaja vifo 21, na wapo waliohesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu.

Uliniuliza pia, kama njia hiyo ilifaa, mbona watu waliingia msituni kupigana, wale wa Mau Mau? Tazama mwaka 1950. Mwezi wa Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, jirani yetu hapa, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru waziwazi. Mwezi uliofuata yeye na mwenzake Fred Kubai wakakamatwa, na Nairobi ikagoma zaidi ya wiki moja. Mgomo ukavunjwa. Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka 1961, miaka 11, naye hakuwa ameshika hata rungu. Serikali iliwafungia waliotaka kuzungumza, na Oktoba 1952 ikatangaza hali ya hatari. Kwa hiyo usiwapambanishe waliokwenda msituni na waliolala Kariokor. Wengine walioingia msituni walikuwa wamekwisha kujaribu barua, ujumbe na mgomo.

Mama yako