Jibu kwa mwalimu wa Tabora: yai, timazi na dirisha la kaskazini

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Kwa wadau waliochelewa: jamaa yuko Tabora, anajitolea kufundisha vijana kumi na wawili wa kidato cha kwanza hadi cha tatu kuchora na kupaka rangi kwa ule mtindo wa kizamani wa Ulaya, picha ifanane na kitu chenyewe. Wiki ya nne wamebaki watano, na hao watano wanataka kuchora wachezaji mpira kutoka kwenye simu. Anauliza awaruhusu gridi (ile mistari ya visanduku inayopigwa juu ya picha ili kuihamisha) au la, anunue rangi za mafuta sasa au asubiri, na kwa nini michoro yao inakuwa bapa kama chapati.

Mimi ni fundi wa mabango hapa Kigoma mjini. Tangu 2014 kila Jumamosi nina vijana kwenye banda nyuma ya nyumba. Chuo cha sanaa sijapita. Ninachokijua nimekipata kwa kunakili, kwa kuharibu karatasi, na kwa kuharibu watoto wa watu pia, huko nitafika.

Gridi kwanza. Mimi naitumia karibu kila wiki. Mwenye saluni akitaka kichwa cha mtu ukutani, siwezi kukaa siku tatu napima kwa jicho, napiga mistari namaliza. Lakini gridi inahamisha picha tu, jicho linabaki palepale. Mchukue kijana aliyechora msanii kwa gridi mpaka watu wakapiga makofi, muwekee bakuli la bati mezani. Atakutazama wewe. Bakuli halina visanduku.

Shida ya umri huu si mkono. Wana mikono mizuri kuliko sisi. Shida yao ni kwamba wanachora wanachokijua badala ya wanachokiona. Fanya jaribio hili Jumamosi ijayo: weka kikombe mezani, waambie wakichore bila maelezo. Mdomo wa kikombe wataufanya duara la mviringo kabisa kwa sababu wanajua ni duara, na kitako watakipiga mstari ulionyooka kwa sababu wanajua kimekaa mezani. Mdomo wameutazama kutoka juu, kitako kutoka ubavuni, kwenye kikombe kimoja. Ukiona hivyo usiwacheke. Waonyeshe tu kwamba mdomo wanaouona ni bapa zaidi, na kitako kinapinda, tena kinapinda kuliko mdomo kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yao. Nimewahi kuona kijana akishika kikombe kile na kukizungusha kama ndiyo kwanza anakiona maishani.

Dawa yake ni kupima, na hapa usihangaike na maneno ya kwenye video. Mafundi ujenzi wanayo maneno yote. Funga kokoto kwenye uzi, umepata timazi. Mwanafunzi ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, anaangalia: sikio la chungu limekaa ndani ya uzi au nje? Kiwiko cha mkono kiwe kimenyooka kabisa kila mara, akikunja kidogo kipimo kimeharibika. Halafu chungu kikae ubavuni mwa kibao cha karatasi, kimo kimoja, mwanafunzi arudi nyuma hatua tano au sita mpaka avione vyote viwili kwa mtazamo mmoja, chungu na mchoro vikiwa na ukubwa uleule machoni pake. Piga chaki sakafuni pale miguu yake iliposimama. Anatazama akiwa kwenye chaki, anakwenda kuchora, anarudi kwenye chaki. Ni mwendo mwingi, na kwa vijana huo mwendo ni faida, maana kumkalisha wa miaka kumi na minne saa mbili kwenye stuli ni kumtafutia ugomvi.

Kuhusu kitu cha kunakili. Wenzetu walikuwa na karatasi za Charles Bargue, Mfaransa aliyezitengeneza pamoja na Jean-Léon Gérôme kuanzia miaka ya 1860: karatasi 197, nyingi za sehemu ya kwanza ni sanamu za plasta, macho, masikio, miguu, na kwenye nyingi unaoneshwa mistari mikubwa iliyonyooka kwanza, kisha mchoro uliokamilika. Vincent van Gogh alipoamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, alianza kwa kunakili hizo. Ni za zamani, zinapatikana bure mtandaoni. Chapisha chache kwa ukubwa wa A3. Na wala usitafute sanamu za plasta Tabora. Chukua chungu, paka chokaa mara mbili, acha kikauke. Kivuli juu ya kitu cheupe kinajieleza chenyewe.

Sasa mwanga, na hapa ndipo nilipopotea mwaka mzima. Kila kitabu kinasema dirisha liwe la kaskazini ili mwanga usibadilike. Nikaita fundi, nikatoboa ukuta wa kaskazini. Ikafika Juni, jua likaingia dirishani moja kwa moja likakaa juu ya meza, vivuli vikawa vinatembea kama saa. Nikadhani nimekosea upande. Baadaye ndipo nilipoelewa: ushauri ule ni wa watu wa Ulaya, ambao jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Kigoma na Tabora tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi mwanzoni mwa Machi, linakaa upande wa kaskazini mpaka mwanzoni mwa Oktoba, linapita tena kurudi kusini. Kwa hiyo toka Machi hadi Oktoba tumia dirisha la kusini, miezi mingine la kaskazini. Mimi nina mawili, moja nalifunga kwa gunia. Na huku magharibi jua lenyewe halifiki utosini saa sita, linafika karibu saa saba, kwa hiyo ukianza saa tatu asubuhi una muda mrefu wa mwanga uliotulia. Dirisha liwe moja tu wazi. Mkiwasha na taa ya dari, hapo ndipo unapata hizo chapati zako.

Maana ubapa unatoka huko. Kijana anatia kivuli kila mahali kidogokidogo, anasugua kwa kidole, kila kitu kinakuwa kijivu. Muwekee yai moja juu ya kitambaa cheupe. Mwambie atafute mpaka, ule mstari ambapo mwanga unaishia na kivuli kinaanza. Akiuchora huo tu, na upande wa kivuli akaujaza giza moja bila mapambo, yai linaanza kuvimba. Ndani ya kivuli, karibu na ukingo wa chini, ataona mwanga hafifu unaorudi kutoka kwenye kitambaa. Atafurahi sana na atauweka mweupe mno. Wote hufanya hivyo. Sheria yangu bandani: sehemu angavu kuliko zote ndani ya kivuli bado iwe na giza kuliko sehemu yenye giza kuliko zote kwenye mwanga. Mwambie akunje macho kama anayetazama ziwa mchana, mwanga wa uongo utapotea.

Vifaa vya hatua hii ni rahisi kuliko unavyodhani. Karatasi za kaki za kufunikia madaftari zina rangi ya katikati tayari, mkaa unakwenda kwenye giza, chaki nyeupe inakwenda kwenye mwanga, kaki yenyewe inabaki kuwa nusu kivuli. Mkaa tunachoma wenyewe: vijiti vikavu vya mbaazi, menya ganda, panga wima kwenye kopo la maziwa ya unga, bana kifuniko, toboa tundu moja kwa msumari, weka jikoni. Moshi ukikatika, epua. Usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, vinginevyo hewa inaingia na unabaki na majivu. Kufutia ni nyama ya mkate, ile laini ya ndani, kama walivyofanya wachoraji wa zamani, ila usafishe meza kabla kuku hawajakuwahi.

Kuhusu waliokukimbia, pole, lakini naomba nikuulize: uliwaweka kwenye kuchora maboksi na mipira kwa muda gani? Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na tisa. Nikawapa miezi mitatu ya maboksi kwa sababu nilisoma kwamba ndivyo inavyotakiwa. Wakabaki wawili, na mmoja wao alikuwa mpwa wangu, hakuwa na pa kukimbilia. Siku hizi kila Jumamosi ina vipande viwili. Kazi ndefu, mchoro mmoja uleule wa chungu kwa wiki tano au sita, saa moja na nusu. Kisha nusu saa ya fujo: michoro ya dakika mbili mbili, mmoja wao anasimama katikati na ndoo kichwani. Mara moja kwa mwezi tunashuka mwalo wa Kibirizi kuchora akina mama wanaoanika dagaa. Hawasimami kwa ajili yako, unachukua mgongo na mkono basi. Wewe huko una stesheni ya reli na miembe, watu wanaosubiri treni ni modeli wazuri, wamechoka kusogea.

Simu nilizipiga marufuku, kisha nikazirudisha zikiwa zimezimwa. Kioo cha simu iliyozimwa ni kioo cheusi. Mwanafunzi anasimama akiupa mgongo mchoro na chungu, anavitazama vyote kwenye simu begani kwake: vimegeuzwa kushoto kulia, rangi zimefifia, makosa yanaruka usoni. Macho yaliyochora saa mbili yameshaizoea kasoro, yakioneshwa kinyume yanaishtukia. Na huyo mchezaji mpira wao usimkatae. Mwambie atamchora baada ya chungu cha pili, na mwenzake amkalie kwanza kwa pozi lilelile.

Rangi za mafuta: subiri. Asiyejua kivuli kwa mkaa hataokolewa na rangi. Akifika, aanze na nyeusi na nyeupe tu, yai lilelile. Halafu nne: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi, zile ambazo Mswidi Anders Zorn anajulikana nazo. Nyeusi ukiichanganya na nyeupe inaelekea kwenye buluu, utashangaa. Ubao wetu ni hadibodi iliyopakwa gundi ya seremala, kisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani, mara mbili.

Na tafadhali walinde na ubunifu. Kijana wangu mmoja, mwerevu kweli, tyubu zilipokwisha akasaga udongo mwekundu akauchanganya na mawese. Huku kwetu mawese hayakosekani. Rangi ilikuwa nzuri ajabu. Wiki ya sita bado mbichi, vumbi limeganda juu yake, na panya wamelamba kona moja. Mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi za mafuta, hayakauki kama nguo, yanakula hewa na kuganda. Mawese hayana tabia hiyo, utasubiri mpaka ustaafu. Alizeti nayo inasuasua. Jambo zito zaidi: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike pembeni, vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vianike kimoja kimoja nje au vitie kwenye ndoo ya maji. Thina ya mabango usiifungue ndani ya chumba cha watoto. Brashi tunafuta kwa mafuta ya kula, kisha sabuni ya mche.

Ngozi zetu. Watachanganya kahawia na nyeupe kwenye mwanga, kahawia na nyeusi kwenye kivuli, na sura itatoka kama imepakwa majivu. Ngozi nyeusi inang'aa, inabeba rangi ya kilicho jirani. Paji la uso karibu na dirisha lina ubuluu wa mbingu. Waonyeshe Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi aliyesoma akademia ya Philadelphia, picha yake ya mwaka 1893 ya mzee akimfundisha mtoto banjo: upande mmoja mwanga baridi wa dirisha, upande wa pili mwanga wa moto. Hapo pia unamjibu yule atakayekuambia kitu hiki ni cha Wazungu. Sisi tulimkalisha binti mmoja jioni kati ya dirisha na jiko la mkaa, na hakuna aliyeomba tyubu ya kahawia siku ile.

Ulidokeza kuhusu wazazi. Mimi nimewahi kutembelewa na mzee mmoja wa Ujiji, baba wa mwanafunzi, amevaa kanzu yake, akaniambia kwa upole kwamba nyumbani kwake kuchora viumbe wenye roho hakukubaliki. Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, nimekuelewa. Kijana wake hakuchora uso hata mmoja. Alichora vyungu, mitumbwi na michikichi, na kwa kupima alikuwa mbele ya wote, kwa sababu mtumbwi ukikosea mkunjo wake mmoja unaonekana utazama. Kwa hiyo waulize wazazi mapema, kabla hujaweka ratiba. Waambie pia kwamba masomo ya kuchora watu mnayafanya kwa modeli aliyevaa nguo zake, maana wengine wameona hizo picha za Ulaya na wana haki ya kuuliza.

Nina nakala nne za Bargue nilizochapisha za ziada, mguu mbili na sikio mbili. Kuna jirani anapanda treni kuja Tabora wiki ijayo, nitamkabidhi zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, pamoja na kopo la mkaa wa mbaazi. Anza na mguu. Sikio lina mikunjo mingi, watakata tamaa.