Muulize Mama: Nani alimenya ndizi?

Desemba ikikaribia, barua zenu hubadilika. Za wapenzi na mikopo hupungua, zinaingia za mama wakwe, nauli na masufuria. Mwezi huu nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa.

*

*Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara, Dar es Salaam. Kwetu ni Singida, nimeolewa na Mchaga wa Kibosho, huu ni mwaka wa tisa. Unayajua mambo yao, Desemba lazima warudi kwao mlimani Kilimanjaro wakahesabiwe. Kila tarehe 22 tunapanda basi la alfajiri pale stendi ya Magufuli, tuna watoto, mabegi na dumu la mafuta ya alizeti ambalo mama yangu hunitumia nimpelekee mama mkwe.*

*Kwenda sikatai. Tatizo ni kwamba nikifika tu navua viatu, najifunga khanga, na jikoni sitoki mpaka tarehe 27. Mwaka jana tulikuwa watu 34. Mikungu minne tumeimenya wanawake watatu. Shemeji mkubwa aliposimama kuombea chakula alimshukuru Mungu, akamshukuru dereva aliyetufikisha salama, akawashukuru ndugu walioko Marekani waliotuma hela ya mbuzi, akamshukuru hata kijana aliyechinja. Nikasubiri. Akasema amina.*

*Mama mkwe hana neno baya na mimi, hata nilipojifungua mtoto wa pili alikuja Kimara akakaa miezi miwili akinipikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, lakini siku ile na yeye alikaa kimya. Kwa mama yangu nimesherehekea Krismasi mara moja tu tangu niolewe. Mwaka huu nimemwambia mume wangu mimi nabaki. Amenijibu kwamba sina shukrani. Neno hilo limenikaa kooni. Ni kweli, Mama? — Mama wa Watatu, Kimara*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la kuhesabiwa. Watani wetu wametusema nalo miaka yote na sisi tumelizoea, tunacheka nao. Sensa ya serikali, ile ya Agosti 2022, ilinikuta Tabata, nikahesabiwa na karani kijana aliyekuwa na kishikwambi chake, nikamaliza. Sasa hii ya Desemba karani wake ni mama mzee aliyekaa kwenye kigoda mlangoni. Kila gari likisimama njiani anainua shingo. Nakueleza haya kwa sababu kigoda hicho sasa nakikalia mimi.

Mimi ni mwanamke wa mlimani pande zote, nimezaliwa Old Moshi, nikaolewa Marangu. Krismasi yangu ya kwanza ukweni ilikuwa mwaka 1991, nina mimba ya miezi mitano. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya fundi baiskeli. Utomvu wa mshare, ndizi zetu za kupika, unaujua: usipopaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu, hakuna sabuni itakayokusaidia, utaingia nao mwaka mpya. Hakuna aliyeniambia nipake mafuta. Nilidhani wananijaribu, kumbe kila mmoja alidhani najua.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitamkia asante hata siku moja. Alichokuwa akifanya ni hiki. Jioni ya tarehe 26 ananiita nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Huko nitakuta ameshapanga: mkungu mmoja wa mshare, maziwa ya mgando kwenye dumu la lita tano, na kipande cha kidari kimefungwa kwenye jani la mgomba kwa kamba ya mgomba huohuo. Kwao kidari hakikuwa nyama ya kumpa kila mtu. Ananikabidhi, anasema "usichelewe gari", anageuka anaondoka.

Na mimi miaka yote ile niliuona ule ni mzigo. Nakuambia ukweli. Mkungu kwenye buti, ugomvi na konda, hela ya mzigo juu. Mwaka mmoja dumu lilipasuka tukiwa karibu na Mombo, mgando ukalowanisha begi la bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kuposa. Nilimwomba radhi mpaka Chalinze. Moyoni nilikuwa namsema mama wa watu: mwanamke huyu, si angeniambia asante tu yakaisha!

Alifariki mwaka 2014. Desemba ile tulipanda kama kawaida, tukapika, tukala, tukalia kidogo. Siku ya kushuka nimefika stendi ya Moshi na begi langu la nguo tu. Konda mmoja aliyekuwa akituona kila mwaka akazunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akaniuliza, "Mama, mzigo wako uko wapi leo?"

Nilishindwa kumjibu yule kijana. Nilipanda nikakaa dirishani.

Sasa usinielewe vibaya, sikusimulii haya ili ukamenye ndizi kwa moyo mkunjufu. Kuna upande wa pili, na huo unanihusu vibaya.

Mwaka jana nilikuwa na wakwe zangu wawili, wake za wanangu, nyumbani, na wajukuu, na ndugu wa marehemu mume wangu. Tulikuwa kama 27. Wanangu wa kiume walisimama na ndafu toka asubuhi. Mwenyewe unaijua ndafu: mbuzi mzima anageuzwa taratibu, wanaume wamesimama wanamzunguka na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inapita mkono kwa mkono, na kila baada ya nusu saa mtu anasema "anaiva, anaiva". Alipoletwa mezani watu walipiga makofi na kupiga picha. Aliyekuwa anageuza akapongezwa kama amejenga daraja. Na kweli nyama ilikuwa tamu. Lakini mtori uliotangulia, kisusio cha supu na damu ya mbuzi, machalari ya ndizi na nyama, pilau ya watoto wasiopenda ndizi, maji ya kuoga ya watu 27, hivyo havikupigiwa makofi na mtu. Mimi nilikula, nikasema nimeshiba, nikaenda kulala.

Saa tano usiku nikaamka kwenda msalani. Jikoni kuna mwanga. Nikakuta mke wa mwanangu mkubwa amechuchumaa, simu ameibana kati ya shavu na bega, nikajua anaongea na mtu. Kumbe haongei na mtu, ameiwasha tochi inamulika ndani ya sufuria, anakwangua ukoko wa pilau. Nikamwambia, "Mwanangu, acha hivyo, utaosha kesho." Akaniangalia bila hasira yoyote, akasema, "Na kesho ataosha nani, mama?"

Nilivuta kigoda nikachukua steelwire. Tuliosha mpaka saa sita na nusu. Hatukuzungumza jambo la maana, alinisimulia tu jinsi mtoto wake anavyoogopa jogoo. Ila nililala nimejua kwamba nimekuwa mama mkwe asiyesema asante na asiyefunga kidari pia. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa na njia yake, mimi sikuwa na yoyote.

Kwa hiyo, kwa swali lako: shukrani unazo. Umechoka, na mumeo amechanganya hayo mawili kwa sababu yeye likizo yake ni likizo kweli. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna mstari mmoja umeuandika haraka ukaupita: miezi miwili ya mtori Kimara. Mwanamke aliyeacha kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, ng'ombe wake akawaachia majirani, akaja kukaa chumba cha mjini kwenye joto akikuchunia nyama ya mtori. Sidhani kama ni mtu wa kunyamaza kwa dharau. Mimi ningeanza na huyo. Acha kwanza kubishana na mumeo, mpigie mama mkwe simu sasa hivi, kabla nauli hazijapanda. Mwambie, "Mama, mwaka jana nilichoka sana, nilirudi Dar mgongo unauma." Useme hivyo tu, bila kulalamika juu ya maombi ya shemeji. Kisha umsikilize. Wanawake wa umri wetu tukiambiwa "nimechoka" tunaelewa. Tukiambiwa "siji" tunasikia kitu kingine.

Pili, ndizi zimenywe na wanaume. Sifanyi mzaha. Wanangu mwaka huu nimeshawapa taarifa kwa simu: anayetaka kugeuza mbuzi kwanza anamenya mkungu mmoja, na mafuta ya kupaka mikono nitawawekea mimi. Mmoja amecheka, mwingine ameniuliza kama ndizi zinamenywa kwa kisu cha kawaida. Ana miaka 31.

Tatu, na hili ndilo ninalolitaka zaidi: Singida. Huhitaji kuchagua kati ya mama wawili. Ukitoka Moshi usirudi Dar. Tarehe 27 asubuhi panda basi la Arusha, pita Babati, pita Katesh chini ya Mlima Hanang, jioni uko kwenu. Lami tupu. Watoto waone mwaka mpya kwa bibi wa alizeti. Mumeo akija naye ni vizuri zaidi, akakae jikoni kwa mama yako aone wakwe wanavyopokewa. Na kama hesabu ya ada ya Januari haikubali safari mbili, basi mwaka huu iwe Singida pekee, au Kimara pekee, na mkaseme mapema kwa upole. Hakuna aliyewahi kufutwa kwenye daftari la mlimani kwa kukosa mwaka mmoja. Mimi mwenyewe nimekosa mitatu.

*

*Mama, binti yangu ana miaka 14. Nimemnunulia viatu na gauni la sikukuu kwa hela niliyoiweka tangu Agosti. Ameangalia, akasema "sawa", akarudi kwenye simu ya dada yake. Nimelia chumbani. Nimekosea wapi? — Mama wa Nyegezi, Mwanza*

Hujakosea popote, ila umemnunulia. Miaka 14 hainunuliwi gauni, inakwenda nawe kulichagua.

Mimi nilipokuwa na umri huo, mama alinunua jora moja akatushonea sote sita, wavulana mashati, wasichana magauni, maua yaleyale. Fundi alimalizia gauni langu usiku wa tarehe 24, mama amekaa barazani pake akimshikia taa ya chemli. Nilikwenda kanisani nimenuna kwa sababu tulifanana kama timu ya mpira. Kumshukuru nilikuja kumshukuru nikiwa na watoto wangu, na yeye ameshasahau kabisa habari ya jora. Aliniuliza, "Maua gani?"

Mwakani mpe ile hela mkononi mwezi Novemba, mwende wote sokoni, wewe nyamaza. Aulize bei mwenyewe, akatae, aondoke, arudi. Akimaliza atakuwa ameelewa tangu Agosti kuna nini. Na hilo "sawa" lake usilidharau. Mwaka ujao utalitamani.

*

*Assalaam alaykum Mama. Mimi ni mwenyeji wa Tanga. Jirani yangu Mkristo kwa miaka 11 aliniletea sahani ya pilau kila Krismasi, na mimi nikamrudishia sahani hiyo Idi. Mwezi wa tisa mume wake kahamishiwa Same kikazi. Sahani yake ya maua ya buluu ninayo mimi, sikuwahi kuirudisha. Nifanyeje? — Mama wa Ngamiani*

Waalaykum salaam, ndugu yangu.

Umeshajua la kufanya, unataka mtu wa kukuunga mkono tu. Mpelekee sahani yake Krismasi hii, usingoje Idi, mwaka huu zamu igeuke. Tupu haiendi, hilo tunajua wote. Pilau usithubutu, kwa joto la Desemba itafika imechacha. Kaanga visheti, vikolee sukari, uviache vipoe kabisa ndipo uvifunge, vikifungwa vya moto hulainika. Mpe dereva wa basi la asubuhi, umwandikie namba ya simu ya jirani juu ya boksi kwa kalamu nene.

Na sahani uifunge kwa magazeti mengi, kisha khanga kuukuu juu yake. Kuna matuta mengi kabla hujafika Segera, na madereva wa asubuhi hawayaheshimu.