Scania 111 ya babu imelala miaka 12, uanzie wapi?

Mkuu umesema unataka kulifufua hilo lori la zamani, uanze na rangi halafu ndo upige starta uone kama inawaka, aisee usithubutu. Ile injini ni silinda 6 lita 11, slivu zake (yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zimezungukwa na maji ya kupoza, oringi za chini (raba za duara za kuzuia maji) zikichoka maji yanashuka taratibu kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo kwanza legeza nati ya kumwagia oili uone kinachotoka. Yakitangulia maji au oili ni nyeupe kama maziwa, basi hapo ni kufungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hakuna njia ya mkato.

Kama oili iko poa, toa nozo za kupulizia dizeli, mimina oili kidogo kila silinda, acha siku mbili tatu halafu zungusha krenki kwa mkono, na ikigoma usiilazimishe kwa starta utavunja ringi bure. Tangi la dizeli litoe lote uoshe, badilisha filta, toa upepo kwenye pampu ya dizeli. Betri ni mbili za volti 12, mfumo ni 24, wapo waliounga vibaya wakaunguza nyaya zote.

Breki ndo usicheze kabisa, raba za mabusta (vile vikopo vya upepo vinavyosukuma breki) zitakuwa zimeshakauka, na busta yenye springi ya breki ya mkono mwachie fundi, ile springi ikiruka inaua mtu. Tairi hata kama kashata (meno yake) bado ipo, raba ya miaka 12 ni ya kusogezea gari uani tu.

Spea zitafute kwa mafundi wa zamani, gari hizi zilikuwa zinaunganishwa kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Rangi mwisho kabisa, na usibadilishe ile pua yake, boneti iliyochomoza mbele, bana.