Tambi, maharage na majani: yale maji usimwage

Jioni nikiwa nimechoka na sitaki kusikia habari ya kusimama jikoni muda mrefu, mi napika tambi na maharage na mboga ya majani, vyote vinaishia kwenye fraipani moja na kwenye dakika 20 hivi watu wanakula. Haina nyama, haina krimu, hata nyanya sio lazima.

Ila wengi wakijaribu wanalalamika kwamba imetoka kavu, tambi kivyake maharage kivyake. Mi swali langu huwa ni moja tu, yale maji umeyapeleka wapi? Maana rojo ya hiki chakula ndo yale maji yenyewe, ya tambi na ya maharage, yote yana wanga, na ukiyachemsha pamoja na mafuta kidogo huku unakoroga yanashikana yanakuwa mazito na kung'aa. Ukimwaga kwenye sinki umemwaga mchuzi.

Basi anza na maji ya tambi, lita 1 kwa kila gramu 100, ambazo zinamtosha mtu mmoja mwenye njaa, na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu hivi kwa kila lita. Mafuta usiweke humo, yanaelea tu juu. Tambi zitoe kama dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakti kwa sababu zitamalizia kuivia kwenye fraipani, na kabla hujachuja chota kikombe kikubwa cha maji uweke pembeni. Na usizisuuze jamani, unaondoa wanga ule ule tunaoutafuta.

Wakati tambi zinachemka we uko kwenye fraipani. Kitunguu saumu kikate vipande vyembamba, kiweke kwenye mafuta yakiwa bado ya baridi halafu washa moto mdogo, kinatoa harufu taratibu bila kuungua, maana kikishakuwa cheusi kinakuwa kichungu na hakuna cha kukiokoa. Pilipili kavu kidogo kama unapenda. Halafu vikonyo vya mboga vilivyokatwa vidogo vidogo, hivi vinatangulia kwa sababu ni vigumu, kisha maharage na maji yake, na hapa chukua mwiko uponde kama theluthi yake hivi humo humo, utaona rojo inavyobadilika.

Maharage ya kopo ni sawa kabisa, kopo la gramu 400 mnakula watu wawili au watatu, ila onja maji yake kwanza, mengine yana chumvi kali, hapo unapunguza ya kwenye tambi. Mi napenda kuchemsha mengi siku nikiwa na nafasi, nayagandisha kwenye friza kwa mafungu pamoja na mchuzi wake. Sasa kama ni maharage mekundu makavu sikiliza vizuri, loweka usiku kucha, maji ya kulowekea hayo ndo unamwaga (haya tu!), weka mengine, yachemke kwa moto mkali si chini ya dakika 10 halafu uendelee mpaka yalainike. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na yakiwa nusu mabichi yanaweza kukutapisha vibaya sana.

Majani yenyewe yanategemea, sukuma inataka dakika 5 au zaidi na maji kidogo, spinachi dakika 1 tu na unaiweka mwisho kabisa. Weka mengi kuliko unavyodhani, yakipata moto yananywea.

Mwaga tambi humo, ongeza maji uliyochota kidogo kidogo, koroga kwa nguvu moto ukiwa wa juu kama dakika 2. Iache iwe na majimaji kuliko unavyotaka, itakauka ikifika kwenye sahani. Zima moto ndo ukamulie limao, linachangamsha ladha na vitamini C yake inasaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani.

Jibini juu ni hiari yako. Ila kama unampikia mtu asiyekula nyama kabisa kabisa muulize kwanza, maana Parmigiano Reggiano, ile jibini ngumu ya Italia, inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na sio wote wanaojua. Mi siku hizi nakaanga chenga za mkate mkavu kwenye mafuta na kitunguu saumu nanyunyizia juu, na kwa kweli jibini siikumbuki.