Maswali Yenu: Picha unaisaini wapi, na kwa kalamu gani?

SWALI: Shikamoo mzee wa kona. Mi ni mpiga picha hapa Morogoro, miaka yote nimekula kwa harusi na sendofu ila sasa nimeanza kupiga milima ya Uluguru na mashamba. Mama mmoja mwenye hoteli kanunua tatu kubwa za kutundika, akaniambia "ila uzisaini bwana". Nikachukua maka peni nikasaini palepale juu ya mawingu, kubwa tu ionekane, nikatia kwenye fremu hapohapo. Wiki ya pili ananipigia simu wino umechafuka na umegandia kwenye kioo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na usijione mjinga, mi mwenyewe niliwahi kuharibu picha kumi na mbili za mteja kwa siku moja na wala sikuwa kijana. Nilizipiga muhuri nyuma nikazipanga moja juu ya nyingine wino ukiwa mbichi, asubuhi karibu kila picha ina jina langu usoni, tena limegeuka kinyume. Bibi harusi ana anwani yangu kwenye shela.

Sasa twende kwako. Umekosea kalamu, umekosea mahali, na umekosea haraka. Wino wa maka peni ya kawaida sio wa picha, kwenye karatasi inasambaa pole pole na miaka ikienda inageuka rangi, we umewahishwa tu kwa sababu karatasi yako ni ile ya kung'aa, juu ina plastiki, wino haunywewi unakaa juujuu halafu ukaubana na kioo. Bic nayo weka mbali kabisa, ncha yake ngumu, ukisaini nayo nyuma ya picha ukakandamiza, mbele panatokea mfereji, uinamishe picha kwenye mwanga utauona.

Kama umeprinti kwenye karatasi isiyong'aa, hasa zile nzito za pamba, chukua penseli. Ndio, penseli ya HB kama ya mtoto wa darasa la pili, au 2B kama unataka laini zaidi. Watu wanacheka wakisikia hivyo lakini penseli ni kaboni, haififii kwa jua, haisambai, haina kemikali ya kula karatasi. Ansel Adams, yule Mmarekani wa milima na miti ya Yosemite, picha zake zinauzwa kwa pesa ambayo hatutaitamka hapa, alikua anasaini kwa penseli kwenye kadi picha ilipobandikwa, chini kulia, padogo. Kwenye karatasi ya kung'aa penseli haishiki, hapo tafuta kalamu ya wino wa pigmenti (wino wa unga wa rangi, haufifii upesi), ile iliyotengenezwa kuandika juu ya picha au plastiki, uliza kwenye maduka ya stationari kubwa, ujaribu kwanza kwenye kipande kilichoharibika, ukisaini uiache wazi mpaka kesho, usiiguse wala usiiwekee fremu.

Na mahali: acha ukingo mweupe kuzunguka picha wakati wa kuprinti, hata sentimita tatu tu, saini hapo chini kulia. Mawingu hayo umeamka saa kumi na moja kuyasubiri halafu unayaandika jina juu, kwa nini?

Ila mi ningekusumbua zaidi kuhusu nyuma. Mbele saini inatosha, nyuma ndo pa kuandika mambo, jina lako kamili lisomeke (saini ya wengi wetu ni kama kuku kapita kwenye tope), mahali, mwaka ulipopiga, mwaka ulipoprinti, na nani yupo kwenye picha kama kuna mtu. Mwone Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Alifungua studio 1948, watu wakajipanga na pikipiki zao na nguo zao za Ijumaa, na picha nyingi alizowapa wateja alikua anazigonga muhuri. Sasa 1991 picha zake kadhaa zikafika kwenye maonyesho New York bila jina, zikatundikwa zikiwa zimeandikwa mpiga picha hajulikani. Hajulikani! Na mwenyewe yuko hai, yuko Bamako, mtaani wanamjua wote. Ikabidi mtu afunge safari mpaka Mali kuulizia, ndo 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris, kwa jina lake. Alikua na zaidi ya miaka sabini. Kwa hiyo we wa Morogoro andika nyuma, kwa penseli laini kama karatasi inashika, na kama ni plastiki mpaka nyuma tumia hiyo kalamu ya pigmenti, na weka picha juu ya kioo au meza ngumu sio juu ya kitambaa.

Huyo mama mprintie upya zote tatu, bure. Gharama ni yako.

SWALI: Nipo Mombasa, napiga harusi. Natia logo yangu kila picha hata zile za albamu, kubwa kidogo, na wateja wameanza kulalamika. Lakini nisipoweka si wataniibia kazi?

JIBU: Logo weka kwenye zile za simu, za kutupia kwenye grupu, hapo sikatazi. Lakini albamu mtu amelipa, hiyo ni sebule yake, unamtundikia bango la biashara kwenye sebule yake mpaka wajukuu. Weka jina ukurasa wa mwisho ndani ya jalada, na nyuma ya picha kubwa moja moja. Na hakimiliki haitoki kwenye logo wala saini, kwa mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya na Tanzania zote zimo kazi inakua yako tangu umeifanya, saini inasaidia tu watu wajue wamtafute nani. Mwizi ataikata logo kwa sekunde mbili.

SWALI: Hizi namba za 3/10 wanazoandika kwenye picha za kuuza zina maana gani, na nikimaliza kumi naruhusiwa kuprinti saizi nyingine?

JIBU: Maana yake ni ya tatu kati ya kumi, na umeahidi hakutakua na ya kumi na moja. Hiyo ya saizi nyingine ndo ujanja wanaoutumia wengi, kumi za A3, kumi za A2, kumi za nini sijui, mi siipendi. Ufaransa kwa mfano ili picha ihesabiwe kazi ya sanaa kwenye kodi lazima iwe imesainiwa na kupewa namba na zisizidi 30, saizi zote zikijumlishwa. Ukitaka saizi mbili mwambie mnunuzi kabla hajalipa, na uwe na daftari, namba ngapi kaenda nayo nani na tarehe. Kama huna daftari usiandike namba.

SWALI: Nisaini jina langu au jina la peji yangu?

JIBU: Lako. Peji umeshabadilisha jina mara ngapi?