Nyumba za wazee, msamaha wa kodi na mbia mwenye mtaji: tunajibu maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani. Yote yanahusu makazi ya wazee yanayoendeshwa na shirika lisilo la faida, ama kuyajenga ama kuhamia. Tumeyafupisha. Humu "kodi" ni ile ya serikali. Anayolipa mpangaji tunaiita "pango", yasije yakachanganyika.

Chama chetu kimesajiliwa jimboni kama shirika lisilo la faida tangu mwaka jana. Tukinunua kiwanja cha nyumba za wazee, si tumeshasamehewa kodi?

Bado. Usajili wa jimbo unakipa chama uhai wa kisheria, basi. Msamaha wa kodi ya mapato ya shirikisho hutolewa na IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, na chama lazima kiombe.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, fungueni hati ya uanzishaji. Itamke kwamba madhumuni ni ya hisani, na kwamba chama kikivunjwa mali yote itakwenda kwa shirika jingine la hisani au kwa serikali. Hapa ndipo vyama vya kusaidiana hukwama. Chama kilichoanza kwa michango ya misiba na harusi mara nyingi kina kipengele cha kugawana mali kwa wanachama siku kikifa, na kipengele hicho kikibaki, ombi halipiti. Rekebisheni jimboni kwanza, mchukue namba ya utambulisho wa kodi (EIN), ambayo ni bure, kisha mtume Fomu 1023, ombi lenyewe la msamaha, kupitia tovuti ya serikali ya Pay.gov kwa ada ya dola 600. Ile fupi, 1023-EZ ya dola 275, ni ya shirika linalotarajia mapato ghafi yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na lenye mali isiyozidi dola 250,000. Kiwanja peke yake kinaweza kuwatoa humo.

Wahini ndani ya miezi 27 tangu chama kianzishwe. Mkiwahi, msamaha unahesabiwa tangu siku hiyo ya kwanza. Mkichelewa, kwa kawaida unaanza siku mliyotuma ombi. Kanisa lenyewe halilazimiki kuomba, lakini shirika la pembeni ambalo kanisa litaliunda kwa ajili ya nyumba linalazimika. Na baada ya kupata barua ya IRS ya kuwapa msamaha, kila mwaka kuna taarifa ya kuwasilisha ya familia ya Fomu 990. Miaka mitatu mfululizo bila taarifa, msamaha unafutika wenyewe.

Wapangaji wetu watakuwa na miaka 62 na kuendelea. Hiyo haitoshi kuitwa hisani? Wengine wana pensheni nzuri.

Umri peke yake hautoshi. Kuna njia mbili, na mnachagua moja kabla mchoraji hajashika kalamu.

Ya kwanza inatokana na uamuzi wa IRS namba 72-124. IRS inakubali kwamba mzee, hata mwenye fedha, ana shida tatu zinazostahili hisani: makazi yanayomfaa, huduma ya afya, na usalama wa kifedha. Jumuiya inayozijibu zote tatu inaweza kupokea watu wa kipato chochote. Hiyo ya tatu ndiyo nzito. Ni lazima muwe na sera ya kumbakiza mkazi aliyeishiwa fedha, kwa akiba yenu, michango au misaada ya serikali, na muendeshe kwa gharama ya chini kadiri inavyowezekana. Makosa hujificha kwenye mkataba wa mkazi. Sera ubaoni inasema hatufukuzi mtu, halafu ukurasa wa ndani unasema "mkazi atakayeshindwa kulipa kwa siku 60 ataondoka." IRS inasoma mkataba.

Ya pili ni utaratibu wa IRS uitwao Rev. Proc. 96-32, wa mwaka 1996, kwa nyumba za wenye kipato kidogo. Chukueni jengo la nyumba 40. Angalau 30 (asilimia 75) zikaliwe na watu wa kipato cha chini. Katika zote 40, angalau 8 (asilimia 20) ziwe za kipato cha chini sana. Au badala yake 16 (asilimia 40) ziwe za watu wasiozidi asilimia 120 ya kiwango hicho cha chini sana. Zinazobaki, hadi 10, mnaweza kuzipangisha kwa bei ya soko. Viwango vya kipato hutolewa na HUD, wizara ya makazi ya Marekani, kila mwaka kwa kila eneo, na pango nalo lazima liwe ndani ya uwezo wa hao mnaowahesabu.

Mwendelezaji binafsi ametuambia: "Leteni ardhi na jina lenu, mimi naleta mtaji, najenga na kusimamia. Ninyi mtapata gawio kila mwaka." Kuna ubaya?

Ubia wenyewe ni halali na ni wa kawaida. Kinachotutia wasiwasi ni hilo neno "jina".

Katika kesi ya Housing Pioneers dhidi ya IRS, iliyofika Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa Tisa mwaka 1995, shirika lisilo la faida liliingia kama mbia mkuu mwenza (mmoja wa wabia wenye mamlaka ya kuuendesha) katika ubia wa nyumba huko California ili jengo lipate nafuu ya kodi ya majengo, kisha akiba ikagawanywa kati yake na wabia wa kibiashara. Lilinyimwa msamaha. Mahakama iliona kwamba kazi yake ilikuwa kuwanufaisha watu binafsi. Ndivyo mnavyoombwa kufanya.

Swali la kujiuliza ni nani ana usukani. Katika miradi ya nafuu ya kodi ya nyumba za kipato kidogo, mwekezaji, anayetoa mtaji ili apate nafuu hiyo, mara nyingi hushika asilimia 99.99 na shirika 0.01 kama mbia mkuu, na hilo halina tatizo, kwa sababu fedha na maamuzi ni vitu viwili. Shirika liwe na mamlaka ya kweli juu ya nani anapangishwa, pango ni kiasi gani, na meneja ni nani. Mkataba unaompa mwendelezaji wingi wa viti vya bodi, kura ya turufu juu ya bajeti, au usimamizi wa miaka mingi usiovunjika hata akiharibu, ukataeni.

Ardhi msiiuze wala msiiweke rehani. Ipangisheni kwa muda mrefu, ili mradi ukianguka kiwanja kibaki chenu. Dhamana ya ujenzi kupita bajeti abebe mwendelezaji, anayelipwa ada kwa hatari hiyo. Tena, sheria inaruhusu mpewe haki ya kwanza ya kununua jengo kwa bei nafuu baada ya miaka 15 ya masharti ya kodi. Lakini ni ruhusa tu. Isipoandikwa wazi, pamoja na namna bei itakavyokokotolewa, mwaka wa 16 mtajikuta mahakamani na mwekezaji.

Jambo la mwisho hapa, nalo huumiza watu wema: mjumbe wa bodi mwenye kampuni ya ujenzi. Tuseme kazi ya dola 300,000 amelipwa 380,000. Zile 80,000 za ziada anazirudisha na riba, na juu yake IRS inamtoza asilimia 25 ya ziada hiyo, yaani dola 20,000. Asiporekebisha kwa wakati, anaongezewa asilimia 200, yaani 160,000. Wajumbe waliopitisha wakijua hutozwa asilimia 10 ya ziada, hapa dola 8,000. Kinga ipo: kura zipigwe na wasio na maslahi, bei zilinganishwe na za wakandarasi wengine, na muhtasari uandikwe wakati huohuo. Kumbukumbu zilizotungwa ukaguzi ukishaanza hazisaidii.

Tuna barua ya IRS, lakini kaunti imetuletea bili ya kodi ya majengo. Wamekosea?

Yawezekana hawajakosea. Kodi ya majengo ni ya jimbo na kaunti, ina ombi lake na tarehe zake, na barua ya IRS ni kiambatisho kimojawapo. Pennsylvania, tangu kesi ya mwaka 1985, shirika linapimwa kwa vigezo vitano, kimojawapo kikiwa kutoa bure sehemu kubwa ya huduma. Illinois mwaka 1968 Mahakama Kuu ya jimbo iliinyima msamaha nyumba ya wazee ya Wamethodisti. Ada za kuingia na vigezo vya kuchagua wakazi viliifanya ionekane inahudumia wanaojiweza.

Kwa hiyo msiipuuze bili. Tazameni siku ya mwisho ya rufaa, maana hupita upesi, na pelekeni hesabu: wazee wangapi wamepunguziwa pango, kwa dola ngapi. Chumba mlichompangisha mwenye saluni binafsi kinaweza kutozwa kodi peke yake hata jengo lote likisamehewa. Kiwanja kitupu kinachosubiri ujenzi ni suala jingine. Baadhi ya majimbo hayakisamehe mpaka kitumike.

Mama anahamia jumuiya ya wastaafu isiyo ya faida na anadaiwa ada kubwa ya kuingia. Anaweza kuihesabu kama sadaka?

Hapana, ananunua huduma. Ila sehemu ya ada inayolipia matibabu inaweza kuhesabiwa kama gharama za tiba, zile zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato yake yaliyorekebishwa, iwapo anaorodhesha makato moja moja badala ya kuchukua lile la jumla. Aombe jumuiya imwandikie asilimia hiyo.

Na "isiyo ya faida" haina maana haifilisiki. Fomu 990 yao ni ya wazi kwa umma. Isomeni pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kisha tafuteni kipengele cha kurudishiwa ada. Kikisema fedha zitarudi "nyumba itakapopata mkazi mpya", mama au warithi wanaweza kungoja miaka, na jumuiya ikifilisika kabla ya hapo watapanga foleni nyuma ya wenye hati za dhamana, yaani walioikopesha jumuiya. Ombeni iandikwe tarehe ya mwisho ya kulipwa, hata kama nyumba bado iko tupu.